Ramani Isiyovuka Geti

Mwanangu akirudi kutoka shuleni, najua siku yake ilikwendaje kwa namna anavyouweka mkoba. Siku njema huuning'iniza kwenye msumari nyuma ya mlango. Siku ya kawaida huuweka kitini. Siku ile aliutupa. Ukapiga mguu wa meza, chaki zikatoka, zikabingirika mpaka chini ya kabati la vyombo, naye akapita kama hakuziona.

"Pole, mwalimu," nikamwambia.

"Usiniite mwalimu leo, mama. Nimechoka hata kuitwa."

Huyu ni kitinda mimba wangu. Anafundisha maarifa ya jamii kwenye shule ya msingi ya mtaani kwetu, mtaa uleule aliozaliwa. Nyumbani tuko watatu: mimi, yeye, na mjukuu wangu, binti wa kaka yake, ambaye yuko darasani kwake. Mjukuu huyo tunamwita Kidomo, na ukikaa naye muda wa kumenya kitunguu utajua kwa nini.

"Shangazi amegombana na Kufuli," Kidomo akanipa habari kabla sijauliza.

"Mwalimu mkuu," mwanangu akamsahihisha.

"Ndiyo, mwalimu mkuu Kufuli."

Jina hilo watoto walimpa baada ya vishikwambi kuletwa. Kabla ya hapo darasa zima lilikuwa na atlasi moja, tena ukurasa wa bahari ulichanika zamani, kwa hiyo watoto walijifunza mabara huku wamebebana migongoni, na aliye nyuma alijifunza kisogo cha mwenzake. Vishikwambi vilipofika, mwanangu alirudi nyumbani anaimba. Afisa elimu aliyevileta alisema ni vya majaribio: shule itakayovifundishia itabaki navyo, isiyovifundishia gari litakuja kuvichukua vikapelekwe kwingine. Mwalimu mkuu akasikia nusu ya maneno hayo. Alichosikia ni kwamba vitu ni vya watu. Akavitia kwenye kabati la chuma ofisini kwake, pamoja na nailoni zake za dukani, akapiga kufuli, ufunguo akaufunga kwenye kamba ya kiatu na kuuvaa shingoni.

Kila mwanangu alipoviomba, jibu lilikuwa lilelile: "Vikivunjika nitasema nini?"

"Visipotumika utasema nini?"

"Nitasema ni vizima."

Sasa barua ilikuwa imefika kwamba afisa anakuja Alhamisi kuona somo. Roho za watu ziko juu. Kabati likafunguliwa haraka haraka, mwanangu akapewa vishikwambi mkononi kama mtu anayepewa mtoto wa jirani amshike kidogo. Somo kwenye mtaala lilikuwa "Mtaa Wetu." Akawasha ramani. Dunia nzima ikatokea. Mito ya mbali ikatokea, miji ya ng'ambo ikatokea, mpaka duka la viatu la mji ambao hakuna mmoja wetu atakayeukanyaga likatokea na saa zake za kufungua. Akasogeza mpaka kwetu. Pakatokea barabara kuu, halafu doa la kijivu.

"Doa, mama. Nyumba hamna, soko hamna, zahanati hamna. Hata hiyo shule niliyokuwa nimesimama ndani yake, hamna!"

Mimi nikiona mtu amekasirika, mdomo wangu hukimbilia mahali pamoja tu.

"Kitendawili," nikasema.

"Mama, jamani."

"Tega!" Kidomo akadakia.

"Nina dirisha lisilo na ukuta. Ukilifungua utaona dunia yote, isipokuwa nyumba yako."

"Kishikwambi!" Kidomo akaruka. Mwanangu hakucheka. Lakini aliketi, na hiyo nayo ni hatua.

Akanieleza alivyopanga. Ramani ile ina mahali pa kubandika alama. Unagusa, unaandika jina, alama nyekundu inasimama. Alitaka awatoe watoto nje kwa makundi, kila kundi na kishikwambi, watembee mtaa, wabandike wanachokiona kwa macho yao. Doa lijae. Afisa akute mtaa umejichora.

"Hilo ni jambo zuri kabisa. Mgomvi nani?"

"Mwalimu mkuu amesema vishikwambi visivuke geti. Kuna waraka: vifaa visitoke nje ya eneo la shule. Nimemwambia, sasa nitafundishaje mtaa bila kuingia mtaani? Akaniambia, 'Mwalimu, wewe ni mbunifu.'"

Akarudia lile neno mbunifu mara mbili, kila mara kama anatema punje ya mchanga.

Ubunifu wenyewe ukawa huu. Watoto waulize wazee nyumbani: soko liko wapi, zahanati iko wapi, mtu anapitaje. Waandike. Kesho yake waje darasani, ndani ya geti, wabandike alama kwa maelezo ya wazee.

Jioni ile baraza yangu ilijaa. Nilikuwa nashona vifungo vya sare, maana nusu ya sare za mtaa huu hupita kwenye sindano yangu, na watoto wananizoea.

"Shikamoo bibi! Duka la dawa liko wapi?"

"Marahaba. Nenda moja kwa moja hadi sinema, kata kushoto, ukifika kwa Daktari, linatazamana napo."

"Na soko?"

"Soko ni kule chini ya kiwanda cha sabuni, ukishapita bomba la foleni."

Wakaandika, ndimi zimewatoka pembeni ya mdomo. Walikwenda na kwa fundi viatu, akawaambia yaleyale, na kwa mama wa genge, yaleyale. Mtaa wetu hauna migongano kwenye mambo ya njia. Sote tunaelekeza namna moja.

Alhamisi asubuhi wazazi tuliitwa shuleni tuje tuone somo. Nilikuwa nimeshavaa, namsubiri jirani, gari jeupe likasimama mbele ya baraza. Kioo kikashuka. Baba mmoja wa makamo, shati limepigwa pasi likanyooka kama bati.

"Habari za asubuhi, mama. Shule ya msingi ni wapi? Simu yangu inanionyesha pori."

"Karibu mwanangu. Siyo mbali. Fuata barabara hii, ukifika sinema kata kushoto. Ukiona bomba la foleni, umefika."

"Sinema, kushoto, bomba. Ahsante sana, mama."

"Haya, salama."

Nikaenda zangu kwa miguu kwa njia ya uchochoroni, nikafika shuleni, nikaketi kwenye dawati la nyuma, magoti yamenifika kidevuni.

Darasa lilikuwa limepambwa. Shuka langu jeupe limetundikwa ukutani liwe kitambaa cha projekta. Waya wa umeme ulitoka ofisi ya mwalimu mkuu kupitia dirishani, ukavuka uwanja, ukaingia kwetu kupitia dirisha jingine, na mlinzi amewekwa kuwazuia kuku wasiukanyage. Vishikwambi viko juu ya madawati, na nailoni zake bado. Mwalimu mkuu alikataa zisitolewe.

"Mwalimu, hakigusiki," mtoto mmoja akalalamika, kidole kinateleza juu ya nailoni.

"Bonyeza kwa nguvu."

"Nimebonyeza, kimeandika 'sssssoko.'"

"Futa."

"Kufuta nako hakigusiki."

Mwanangu alikuwa anatembea kati ya madawati na tabasamu ambalo mimi mama yake nalijua. Ni lile alilokuwa nalo akiwa mdogo, nikimchana nywele kwa nguvu mbele ya wageni.

Tukasubiri. Chaki ikasubiri. Kitoto kimoja kikalala. Mwalimu mkuu akatoka getini mara kadhaa, akarudi anapangusa jasho. Alipokaribia kukata tamaa, afisa akaingia, viatu vyote vumbi, shati lile la bati limelowa mgongoni, na uso amekunja. Nikamtazama. Nikavuta mtandio wangu taratibu mpaka kwenye nyusi.

"Samahanini kwa kuchelewa," akasema, naye hakuonekana kama anaomba samahani. "Endeleeni."

Mwanangu akaendelea. Nisimpendelee kwa kuwa ni wangu, lakini somo lilienda vizuri. Akaeleza ramani ni nini, kwa nini mtaa usio kwenye ramani gari la wagonjwa huupita, na bomba jipya likija halijui pa kwenda. Watoto wakajibu. Kisha akawasha projekta, na kwenye shuka langu likatokea lile doa la kijivu, sasa limejaa alama nyekundu kama mtoto mwenye surua. Wazazi tukapiga makofi. Mimi nikapiga kwa mikono miwili na mguu mmoja.

Afisa hakupiga. Alisimama, akasogea mpaka pua yake ikawa karibu na shuka.

"Hii imeandikwa nini hapa?"

"Sinema," darasa zima likajibu.

"Nani ameibandika?"

Kidomo akasimama. "Mimi, shikamoo."

"Iko wapi hiyo sinema?"

"Hapo hapo ulipoweka kidole."

"Mtoto, nimezunguka asubuhi yote naitafuta hiyo sinema! Nimeuliza, nimeambiwa umeshaipita. Nimerudi, nimeambiwa bado hujaifikia. Iko wapi?"

"Iliungua," Kidomo akasema.

"Lini?"

"Mimi sijazaliwa."

Wazazi wakaanza kuguna kicheko. Mtandio wangu ukashuka mpaka puani.

"Na hapa, kwa Daktari?"

"Alihama," mtoto mwingine akajibu. "Sasa hivi wanauza chaja."

"Bomba la foleni?"

"Waliling'oa."

"Kiwanda cha sabuni?"

"Ni ukuta tu, lakini ukuta wenyewe mrefu."

Sasa darasa zima linacheka, wazazi wanacheka, mlinzi wa kuku anacheka dirishani. Mwanangu peke yake hacheki. Alikuwa anaitazama ramani ile, alama moja baada ya nyingine, na nikaona anaielewa upya. Yeye mwenyewe kazaliwa hapa. Maisha yake yote amekata kushoto kwenye sinema, na hajawahi kuiona. Hata jana, alipokuwa akikagua alama hizi, haikumpitia akilini.

Afisa akatoa fomu yake, akavaa miwani. "Mwalimu, umefundisha vizuri. Lakini hapa naulizwa kama kazi ya wanafunzi ni sahihi. Nusu ya mtaa huu haupo. Siwezi kuandika ni sahihi. Na kama vifaa havitoi kazi sahihi, itabidi viende kwingine."

Kicheko kikakatika kama kimezimwa kwa swichi. Watoto wakavivuta vishikwambi karibu na vifua.

"Haupo kwa sababu hatukuuona," mwanangu akasema. Sauti yake ilikuwa ya adabu, lakini mishipa ya shingo ilikuwa imesimama. "Watoto hawa wamechora walichosimuliwa. Niliomba niwatoe nje wakatazame wenyewe. Nikakataliwa."

"Na nani?"

Mwalimu mkuu akakohoa. "Na waraka, mheshimiwa. Vifaa visitoke nje ya eneo la shule. Umetoka ofisini kwenu. Ninao hapa."

Akautoa mfukoni. Nadhani hulala nao. Afisa akausoma juu chini, kama anatumaini kwamba umeandikwa na mtu mwingine.

"Waraka huu shabaha yake ni wizi," akasema mwishowe. "Haukukusudia somo la ramani. Watoeni nje, hata sasa hivi. Mimi naruhusu."

"Nashukuru, mheshimiwa," mwalimu mkuu akasema, akampa kalamu. "Naomba uandike hapo chini kwamba umeruhusu, na sahihi yako. Kimoja kikianguka, tusije tukatafutana."

Afisa akaishika kalamu. Akautazama waraka. Akavitazama vile vidole vya watoto, vyembamba, vinavyoteleza, vingine na masalia ya embe. Kalamu ikakaa hewani. Nikawa nasema moyoni, andika, mwanangu, andika jina lako tu, si ulifundishwa shuleni kama hii? Akaiweka kalamu juu ya dawati.

"Tufanye hivi," akasema. "Ramani irekebishwe. Mimi nitaiangalia Jumatatu nikiwa ofisini. Ikiwa na mtaa uliopo, vinabaki. Isipokuwa nao, gari litakuja. Namna ya kurekebisha nawaachia walimu. Ninyi ni wabunifu."

Nilimwona mwanangu anafumba macho kwenye lile neno.

Wakati wa kutoka, afisa akanipita mlangoni, akasimama. "Mama, tumeonana wapi?"

"Sisi wazee tunafanana," nikamwambia, nikashika njia.

Kesho yake, Ijumaa baada ya vipindi, nikasikia kelele barabarani. Nikatoka na sindano mkononi. Watoto wa darasa la mwanangu walikuwa wamemwagika mtaani, kila kundi na daftari la kawaida la karatasi na penseli. Na mwalimu wao? Mwalimu alikuwa getini, upande wa ndani, amekaa kwenye kiti cha darasani, kishikwambi mapajani. Geti letu ni la nondo, mkono unapita lakini mwili haupiti. Mwalimu mkuu amesimama pembeni yake, analinda ule mstari wa zege ambapo shule inaishia.

"Bibi, twende!" Kidomo akanivuta. "Tuonyeshe haipo wapi!"

Nikawaonyesha. Nikawasimamisha mbele ya pale nilipopasema maisha yangu yote. "Sinema ilikuwa hapa. Mlango hapa. Hapa ndipo babu yenu alinisubiri, akachelewa yeye mwenyewe." Wakacheka. Kisha wakatazama kilichopo: fundi magodoro, mlango wa mabati, rundo la sufi. Wakaandika. Wakakimbia mpaka getini.

"Mwalimu! Sinema ni fundi magodoro!"

"Upande gani wa barabara?"

"Kushoto!"

"Kushoto ukiwa unatoka wapi?"

Wakarudi mbio kwenda kuangalia wanatoka wapi. Wakaja tena, wanahema, wanapokezana kwenye nondo. Kwa Daktari ni chaja. Bomba ni kibanda cha kinyozi. Zahanati ipo, lakini mlango umehamia nyuma. Kuna msikiti mdogo na kanisa dogo, na choo cha kulipia ambacho hakuna mzee aliyekitaja. Mwanangu anaandika, anafuta, anabonyeza. Kidole kinateleza juu ya nailoni. Anabonyeza tena. Kinateleza.

"Mwalimu, fundi magodoro anauliza umeshamwandika?"

"Namwandika, subiri!"

"Anasema andika na vitanda pia anatengeneza!"

Akabonyeza. Kikaandika "magggg." Nikaona mabega yake yameshuka. Halafu akaingiza ukucha pembeni mwa kishikwambi, akaivuta ile nailoni, yote, taratibu, toka kona hadi kona. Mlio wake niliusikia barabarani.

"Mwalimu!" Mwalimu mkuu akashika kamba yake ya ufunguo. "Umefanya nini?"

"Nimefungua dirisha, mwalimu mkuu."

Watoto wakashangilia nje ya nondo kama timu yao imefunga. Akaandika kwa kasi tangu hapo, kidole kikavu juu ya kioo, mpaka doa likaisha. Mambo yaliyokufa hakuyafuta. Aliyapa alama ya kijivu, na vilivyopo nyekundu, ndipo Kidomo akauliza na bibi atabandikwa rangi gani, nikamrushia kandambili.

"Mke mwenzangu una dharau wewe," nikamwambia. Lakini nilikwenda getini, nikabandika uso kwenye nondo, nikaiona nyumba yangu. Alama nyekundu, na mbele yake ameandika: Baraza ya vifungo.

Jumatatu mwanangu alirudi, na mkoba hakuutundika wala hakuutupa. Aliingia nao, akaketi nao mapajani.

"Vinabaki," akasema.

Kidomo akapiga vigelegele mpaka jirani akauliza nani anaolewa. Mimi nikamshika mwanangu uso kwa mikono miwili. Ulikuwa wa moto.

"Sasa mbona hivi?"

"Mwalimu mkuu amefurahi sana, mama. Ametusifu mstarini. Amesema sasa shule yetu imejulikana, kwa hiyo vifaa lazima vilindwe zaidi." Akavuta pumzi. "Amenunua kufuli la pili. Ufunguo mmoja anao yeye. Mwingine amempa makamu wake."

"Basi mwombe makamu."

"Makamu ameanza likizo leo. Ameondoka nao."

Nikatafuta la kusema. Nikapata nililonalo.

"Kitendawili."

Akazungusha kishikio cha mkoba. Kidomo, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, hakudakia; alimtazama shangazi yake kwanza.

"Tega," mwanangu akasema, kwa sauti ndogo.

"Mlinzi wangu hana macho, hana miguu. Ukitaka kupita, mtie kidole tumboni."

"Kufuli," akajibu, na Kidomo akaangua kicheko, na yeye mwenyewe mdomo ukataka kumponyoka akauzuia. "Kesho ni mito na milima, mama. Ile atlasi haina bahari."

"Mito itamwagikia wapi?"

"Ukutani. Nitachora."

Akaweka mkoba kitini. Akapiga magoti sakafuni na sketi yake ya kazini, akaingiza mkono chini ya kabati la vyombo, akaanza kuzitoa zile chaki za siku ile, moja moja, akizipuliza utando wa buibui.